Moto Niliouwasha Jikoni kwa Agatha

Wenzangu wa Jumamosi, mmeniuliza mpaka mmechoka, nami nimewajibu mafupi mafupi mpaka nimeona aibu. Niliwaaga kwa safari ya siku nane, nikarudi baada ya majuma matano, na tangu nirudi mishono yangu inakwenda upande. Basi nimeandika. Mtasomeana palepale nyuma ya duka, na mimi nitainama kana kwamba natia uzi kwenye sindano.

Maisha yetu hapa Mbala mnayajua. Vyumba viwili, Joakim anatengeneza redio na baiskeli barazani, mimi nakaanga maandazi. Miaka sita tunaishi pamoja bila kanisa wala msikiti kutuandika. Tunapika vyepesi: nyanya mbili, kitunguu, mgebuka mkavu wa Mpulungu, karanga za kutwanga, na kabla redio haijamaliza habari tumeshanawa. Sikukuu za Wazambia tunakula, Krismasi yake tunakula, Idi yangu tunakula, zote kwa wali uleule. Mimi niliyezaliwa karibu na stesheni ya Kilosa nimeishi miji saba, na huu wa ugenini ndio nimeukaa muda mrefu kuliko yote. Hata hivyo gari kubwa likipiga honi nainua kichwa. Mtoto sikujaliwa. Hilo pia mnalijua.

Safari ilitokana na Agatha, dada yake Joakim, aliyefariki huko kwao Ufipa mwaka uliopita. Mumewe alikuwa ametangulia, wakaacha binti mmoja. Mama yao alituma ujumbe kwamba mwaka umetimia, twende kwenye sherehe ya kumaliza msiba. Joakim alinieleza huku akikaza nati: "Kwetu marehemu haachwi hewani. Mtu anarithi jina lake, anashika nafasi yake. Safari hii ni Yustina, binti wa baba yangu mdogo."

Nilisikiliza nusu. Nusu nyingine nilikuwa nafikiria nivae nini.

Mbala hadi Matai

Habari za askari na karatasi za mpakani naziruka. Tulipanda lori lililobeba mabati, na dereva, kijana mwenye kofia ya sufu, alimwambia Joakim, "Mshikaji, shemeji akae mbele. Mimi siumi." Ni hii miaka ya kwanza ya ruksa, kila mtu anaruhusiwa kuuza. Kila aliyepanda alikumbatia kitu: robota la mitumba, gurudumu la baiskeli, katoni ya mishumaa.

"Zamani tulivuka kwenda Zambia kutafuta sabuni," dereva alisema. "Siku hizi sabuni ndiyo inatutafuta sisi. Tatizo maji."

Karibu na Matai springi ya lori ilikatika, tukakaa siku mbili. Tulilala kwa huyo Yustina. Ni mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Alitupikia maharage na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, akanikatalia kusaidia. "Kaa, wifi. Mikono yenu ya mjini itanichafulia sufuria." Nje ya nyumba yake alikuwa amekaa mfugaji mmoja Msukuma, yeye na mkewe na ng'ombe kumi na kitu, wakitafuta malisho. Alitupatia maziwa mgando kwenye kibuyu. "Hawa Wafipa wapole mno," aliniambia. "Wakikusalimia, unasahau ulichokuja kudai."

Yustina alikuwa aondoke pamoja nasi. Lakini asubuhi ya pili tulimkuta anatetemeka chini ya mablanketi matatu, na lori limekwisha kufungwa springi. Dereva alikuwa anapiga honi. Nilipoinama kumuaga alinishika mkono kwa nguvu.

"Mwambie mama mkubwa nakuja. Jiko la Agatha lisiguswe. Mtu asiwashe moto mle mpaka nifike mimi."

"Sawa. Lala upone," nikamwambia. Kiganja chake kilikuwa kinaunguza, nikadhani ni homa inayosema. Joakim alikuwa tayari juu ya lori. Yale maneno sikumpa.

Majengo

Sumbawanga tulifika mchana, baridi kama ya Julai ingawa haikuwa Julai. Tulishuka mtaa wa Majengo kununua sukari, mishumaa na kanga za kuwapelekea wenyeji. Maduka yalikuwa yamejaa mpaka bidhaa zinaning'inia nje, na redio tatu zilipiga nyimbo tatu. Joakim aliingia duka la vipuri. Mimi nilisimama kwa mama mmoja muuza kanga. Alinipimia doti kifuani bila kuniuliza rangi, akachagua ya kahawia.

"Umepungua," alisema. "Uliugua?"

"Sijaugua, mama. Na hapa sijawahi kufika."

Alinitazama, akacheka kidogo. "Haya," akasema, akaikunja ile kanga. Nilipotoka Joakim aliniuliza mbona nimechagua kahawia na mimi ni mtu wa rangi kali. Nikasema imenikaa vizuri. Ilikuwa imenikaa vizuri kweli.

Nyuma ya Kasense

Kwao Joakim ni kijiji cha nyuma ya Kasense, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Nimepita nchi nyingi, sijaona iliyo wazi namna ile. Miti hakuna, ni nyasi na upepo na vilima vya mviringo, na ukungu unashuka ghafla hata humuoni aliye mbele yako. Ukungu ulipofunguka niliona bondeni vichuguu vya udongo, mamia, vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja urefu wa mtu aliyelala.

Nilisimama. "Joakim, hawa wote walikufa na nini?"

"Nani?"

"Waliozikwa pale."

Alicheka mpaka akatua mzigo. "Hayo ni maharage, mke wangu! Tunafunika nyasi kwa udongo zioze, tunapanda juu yake. Ntumba hizo." Nikacheka na mimi. Lakini tulipopita katikati yake nilijikuta nanyata.

Karibu na kijiji tulikutana na mzee mmoja, mjomba wa Joakim. Salamu za Wafipa si za kupita. Wanachuchumaa, wanapiga makofi polepole, wanaulizana habari za kila mtu na kila mnyama. Joakim alinionyesha nyumba yenye bati. "Tangulia, nakuja."

Nilikuta uani hakuna mtu. Wanawake walikuwa wamekwenda kuchukua ulezi wa pombe ya sherehe, na nyumba kubwa ilikuwa imefungwa. Palikuwa na binti wa miaka sita hivi amekaa mlangoni mwa jiko dogo la nyasi. Alikuwa Ana, mtoto wa Agatha.

"Umekula?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

Ninyi mnanijua, mtoto mwenye njaa na mimi hatukai pamoja. Niliingia mle jikoni, maneno ya Yustina yamenitoka kichwani. Mafiga matatu, majivu meupe yaliyolala bila kufagiliwa, kuni zimepangwa, chungu kimefunikwa, unga kwenye kikapu. Kila kitu safi, kama mwenyewe ametoka dakika ile. Nikazoa majivu, nikawasha moto. Nilikuwa na mgebuka wangu, nyanya na karanga. Nikausonga ugali, nikakaanga samaki, na katikati ya kukaanga nilitaka chumvi. Niliinua mkono juu ya mlango, palipoungana ukuta na paa, nikatoa kibuyu kidogo. Kilikuwa cha chumvi.

Mkono ulikuwa bado juu nilipojiuliza nimejuaje.

Ana alikula tonge kwa tonge, akiniangalia. Alipomaliza alinawa, akajifuta kwenye nguo yangu. "Mama," akasema, "umechelewa."

Hapo hapo wanawake wakaingia uani na vikapu vya ulezi kichwani. Mbele yao alikuwa mama yake Joakim, Bibi Sabina, mwembamba, mrefu, macho yake meusi tii. Aliona moshi unatoka kwenye paa la jiko. Alitua kikapu chini. Nikatoka mbio kumwamkia, "Shikamoo mama, mimi ni..." lakini yeye alikwisha piga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, anapiga makofi polepole, machozi yanamtoka.

"Agatha," alisema. "Umekuja. Karibu nyumbani, Agatha."

Wale wengine wakapiga magoti wote. Makofi yao yalikwenda pamoja, taratibu. Joakim ndipo alipotokea. Alitazama moshi, akatazama chungu kilichoepuliwa, akanitazama mimi. Mama yake hakugeuka.

"Joakim, msalimie dada yako."

Nilimngoja acheke kama alivyocheka bondeni. Alichuchumaa.

"Dada," alisema.

Majuma manne

Mambo yenyewe nilielezwa kesho yake na yule mjomba, kwa upole kama anamfundisha mtoto sala. Tangu siku ya mazishi jiko la Agatha halikuwashwa moto, lilimngoja mrithi. Atakayewasha, akapika, mtoto wa marehemu akala, huyo ndiye Agatha. Yustina ndiye aliyeandaliwa. Lakini jiko halichagui kwa barua.

"Mimi si wa ukoo wenu, mjomba. Sikujua."

"Hata marehemu alipozaliwa hakujua," akasema.

Ninachotaka mkielewe, wenzangu, ni hiki. Kama mimi ni Agatha, basi Joakim ni kaka yangu. Hakulala nami tena. Walimtandikia kwa mjomba wake, nami nililala nyumbani kwa Agatha pamoja na Ana. Joakim akija asubuhi alisimama nje ya mlango, akauliza kama nina maji, kama nina kuni. Siku ya nne alipochukua ndoo nilimfuata mpaka mtoni.

"Niite jina langu."

Akaangalia nyuma. "Hapa siwezi."

"Mara moja tu. Zuhura. Si gumu."

"Mama alikuwa analia kwa furaha mbele ya watu. Ningesema nini? Ningemwambia binti yako amekufa tena?"

"Na mimi?"

Aliokota jiwe, akalirudisha palepale. "Ngoja Yustina aje," alisema. Akaniachia ndoo, akaondoka.

Sherehe ilifanyika, na niliketi katikati. Asubuhi ilisomwa misa kwenye kigango, mchana ngoma na pombe ya ulezi, nami kwa kuwa sinywi nilipewa togwa, na mtu akasema, "Agatha naye hakuwa mnywaji." Nilivaa ile kanga ya kahawia. Jirani mmoja alinirudishia ungo alioazima kabla ya kifo. Mwanamke mwingine alipiga magoti akaniomba msamaha kwa maneno aliyonitukana shambani, akayataja moja moja, na yalikuwa matusi mazito.

"Nimekusamehe," nikasema. Ningesema nini? Alinishika miguu yote miwili.

Kisha maisha ya kawaida yakaanza, na hayo ndiyo yaliyonitisha kuliko sherehe. Hakuna aliyenilazimisha. Asubuhi niliwasha moto, nikapika uji wa ulezi, nikamsuka Ana, nikaenda na wanawake kufunika nyasi. Mkono wangu ulishika jembe kwa namna ambayo Bibi Sabina aliitazama akatabasamu. Nilianza kujua mlango upi unalia, kuku yupi anataga nje. Siku moja Ana alianguka, akalia "Mama!" na mabakuli yakanidondoka kabla sijafikiri. Usiku alilala ameshika sikio langu. Nilikuwa nimesubiri kitu hicho miaka ishirini katika miji saba, na kwa majuma manne gari halikupiga honi popote.

Jumapili moja Joakim alileta kuni. Ana alimkimbilia, "Mjomba!" nami nilikuwa nimeinama nachochea moto. Nikasikia sauti yangu inasema, "Karibu, kaka."

Sikuwa nimeigiza. Joakim aliweka kuni chini polepole, akanitazama kama watu wanavyotazama nyumba iliyofungwa. Siku ile ndipo nilipojua kwamba nikikaa mwezi mwingine hatabaki mtu wa kurudi Mbala.

Yustina anafika

Alikuja kwa miguu kutoka Kasense, amekonda nusu, lakini kicheko kilikuwa kilekile. Alisimama mlangoni mwa jiko bila kuingia.

"Nakugeuzia mgongo kidogo tu, umeninyang'anya kazi! Sasa nikuite nani wewe? Wifi au dada?"

"Unaonaje wewe?"

"Mimi naona umekaa kwenye kigoda changu." Kisha akashusha sauti. "Maneno yangu uliyafikisha?"

"Sikuyafikisha. Nilidhani ni homa."

"Hebu mwoneni huyu! Homa yangu ina akili kuliko afya yako."

Bibi Sabina alituita sote wawili, akaketi kati yetu. Alisema aliyewasha moto ndiye peke yake anayeweza kuuzima. Hakuna atakayenisukuma, hakuna atakayenizuia. Nikiubakiza, Yustina atarudi Matai na hapatakuwa na neno. Nikiuzima, nitoe majivu kwa mikono yangu, nisikanyage tena mle ndani, na kila nilichopewa kama Agatha kitabaki kwa Agatha.

"Kila kitu, mama?"

"Kila kitu."

"Na Ana?"

Alinyoosha mkono akanifuta unga shavuni, kama mama yeyote anavyomfuta bintiye, na mkono ukabaki pale muda mrefu. Nadhani alikuwa ananiomba. Nadhani pia alikuwa ananiaga.

Asubuhi nilimpikia Ana uji, nikaukoroga na karanga anavyopenda. Alikula wote. Alipotoka kucheza nilimwaga maji kwenye mafiga. Moshi ulijaa, nikatapatapa kutafuta mlango ambao majuma manne nilikuwa naupita nimefumba macho. Nilizoa majivu kwa ungo ule aliorudisha jirani, nikayapeleka shambani, hakuna aliyenifuata. Wanawake niliopishana nao walitazama pembeni. Niliporudi uani, moshi mpya ulikuwa unatoka kwenye paa, na ndani Yustina alikuwa anasonga ugali bila kucheka.

Sikujua niende wapi, nikakaa kwenye jiwe karibu na lango, kule wanakokaa wapita njia. Joakim alikuja akakaa kando yangu, karibu, bega kwa bega. Bibi Sabina akatoka, akatuona, akaja na salamu ya makofi, tena ile ya wageni.

"Joakim, mwanangu, mbona humwingizi mkeo ndani? Karibu, mama. Za huko Zambia?"

Macho yake yalikuwa makavu, ya ukarimu kabisa. Nilimtafuta mtu aliyenifuta unga shavuni jana, sikumwona.

Kurudi

Tuliondoka siku ileile. Pale kwao mgeni hatoki mikono mitupu, na lazima asindikizwe. Walimtuma Ana atufikishe njia panda na kikapu cha unga wa ulezi. Alitembea mbele yangu, nywele zake zikiwa zimesukwa kwa mkono wangu, na nikaona msuko mmoja nyuma ya sikio umefumuka. Nilinyoosha mkono. Akasogea pembeni kwa adabu, kama mtoto anavyompisha mtu mzima asiyemjua.

Njia panda alisimama. Joakim alitangulia kidogo, akajifanya anafunga kiatu. Ana alipiga goti.

"Shikamoo, mgeni."

"Marahaba."

Nilichunguza uso wake nione kama amefundishwa, kama kuna mahali anacheka au analia. Ulikuwa uso wa mtoto anayetaka kurudi nyumbani kula.

"Kwenu mbali?"

"Mbali."

"Una watoto?"

Ukungu ulikuwa unaanza kushuka kwenye ntumba. Kule nyuma Yustina alikuwa anaita, "Ana! Ana, chakula!"

"Sina," nikasema.

"Pole," akasema Ana. Akaniinulia kikapu, nami nikainama anitwike. Kisha akageuka, akakimbia, anaitika, "Nakuja, mama!"